Jina la Mama Halisafishwi WhatsApp

Tangazo lilidondoka kwenye grupu la darasa saa nne usiku, muda ambao watu wanaombana madesa ya kesho yake. "Jina limechafuka? Benki wanakutolea nje? Mikopo ya simu, kausha damu, HESLB, zote tunasafisha ndani ya siku tatu. Karibu inboksi." Wenzangu wakatupia vikatuni vya kucheka. Mmoja akauliza kama wanasafisha na supu za muhula uliopita. Nikacheka nao hapo kwenye grupu, halafu nikamfuata jamaa inboksi.

Naandika haya kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyemfuata. Tangu nianze kulisimulia hili pale hosteli, watu sita wameniambia kwa sauti ya chini kwamba na wao walilipa, au walikuwa mbioni kulipa. Msimamo wangu nauweka mapema ili usipate shida ya kuutafuta: jina likichafuka kwa deni, hakuna mtu wa kulipwa alisafishe. Kinachosafishika unakisafisha mwenyewe, na kisichosafishika hata ukimlipa milioni hakitoki. Lakini msimamo huu nimeupata kwa gharama, na gharama yenyewe hakuilipa mtu mwenye kosa.

Laini niliyokuwa natumia tangu sekondari ilisajiliwa kwa jina la mama. Wengi wa rika langu mnajua ilivyokuwa. Zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole lilipofika ukomo wake, Januari 2020, sisi tulikuwa hatujatimiza miaka 18, namba ya NIDA hatuna, wazazi wakaenda kutuwekea dole. Tukaja chuo na laini zilezile. Ukiniuliza namba yangu nitakutajia bila kufikiri, ila kwenye mfumo hiyo namba ni ya mwanamke mmoja wa Ikungi anayelima alizeti na hajawahi kuunga bando maishani mwake.

Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, simu ilivunjika kioo. Bumu lilikuwa limechelewa. Nikabonyeza menyu, nikaulizwa kiasi, nikaandika 60,000, pesa ikaingia kabla sijaiweka simu mezani. Huduma yenyewe siitaji jina. Nilipanga kulipa bumu likitoka. Likatoka, nikakuta kuna kodi ya geto, kuna kuchapisha kazi za vikundi, kuna viatu. Meseji za kukumbushwa deni zikawa zinakuja kila asubuhi kama sala. Mwisho nikafanya ambacho wengi tunafanya: nikaichomoa ile laini, nikasajili nyingine kwa namba yangu ya NIDA, ambayo wakati huo nilikuwa nimeshaipata. Kwetu sisi imani ni kwamba ukivunja laini umevunja deni.

Deni lilibaki palepale, na jina lake lilikuwa la mama.

Oktoba mama alikwenda benki, hapa Singida mjini. Alitaka 1,200,000 ya kulimia trekta ekari tano na kununua mbegu chotara, ile Hysun, maana msimu uliotangulia alipanda Record na jirani yake aliyepanda chotara akamzidi magunia. Mama si mtu wa kukopa ovyo. Alikuwa amefanya hesabu zake kwenye daftari, na mwenyekiti wa kitongoji alishamwandikia barua. Wakamwambia hawezi kukopeshwa, taarifa zake si nzuri. Alinipigia jioni. "Wameniambia jina langu baya," alisema. "Sijui nimemkosea nani."

Mimi nilijua. Nilijua hata kabla hajamaliza sentensi. Nikamwambia labda ni mtandao, asubiri kidogo, nitaulizia.

Wiki hiyohiyo tangazo likadondoka kwenye grupu. Sasa unaelewa kwa nini sikuweza kucheka mpaka mwisho.

Jamaa alikuwa na lugha tamu. Alinijibu usiku uleule. "Mdogo wangu, hii kazi ina watu wake ndani ya mfumo. Mama atakuwa msafi kama mtoto mchanga." Bei elfu themanini, nusu kwanza. Akataka namba ya NIDA ya mama, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na namba ya siri ya pesa ya simu ya mama "kwa ajili ya uhakiki". Namba ya siri sikumpa, na si kwa sababu ya ujanja: sikuijua, na sikuwa na namna ya kumuuliza mama bila kusema ya nini. Vingine vyote nilimpa. Picha ya kitambulisho ilikuwa kwenye simu yangu tangu nilipokuwa najaza fomu za mkopo wa chuo. Elfu arobaini nikaituma.

Siku ya tatu akanitumia cheti. Kina nembo, kina mhuri wa bluu, kina saini iliyopinda vizuri. Juu kimeandikwa "Bank Kuu ya Tanzani". Nililiona lile kosa. Nikajiambia ni kosa la uchapaji.

Nikampigia mama: nenda tena, mtandao umekaa sawa. Alipanda gari asubuhi na barua zake, akapanga foleni, akakaa mbele ya afisa mikopo yuleyule, akakataliwa mara ya pili. Safari hii, aliniambia, yule afisa alimtazama kama mtu anayejaribu bahati. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya chumvi na mafuta ya taa. Lakini sikuumizwa na nauli. Niliumizwa na kwamba nilimtuma mama yangu kwenda kudhalilika ili mimi nisiseme sentensi moja.

Niliisema usiku huo kwa simu, kutokea nyuma ya jiko la hosteli. Mama alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limeisha.

"Shilingi ngapi?"

"Imefika sabini na moja elfu na mia nne."

"Si milioni?"

"Si milioni, mama."

"Mimi nilidhani kuna watu wameniibia jina. Nimekaa mwezi mzima namwogopa kila mtu hapa kijijini."

Nitarudi kwa mama. Kwanza nieleze kitu ambacho ningekijua mapema nisingetuma hata shilingi, na ambacho, kusema kweli, sisi tunaosomea uhasibu tulitakiwa kukijua.

Jina halichafuki hewani. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na tangu kanuni za mwaka 2012 benki na taasisi za fedha zinatakiwa kupeleka huko taarifa za waliowakopesha: nani kakopa, kiasi gani, analipa au halipi. Juu ya kanzidata hiyo kuna kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazoandaa ripoti ya mkopaji mmojammoja. Mbili za kwanza, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zilipewa leseni mwaka 2013. Ukienda kuomba mkopo, afisa anaivuta ripoti yako na kuisoma. Mikopo mingi ya simu nyuma yake ipo benki. Ndivyo ilivyokuwa tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014 na benki ya CBA nyuma yake (si huko nilikokopa mimi, natoa mfano tu). Kwa hiyo elfu sitini uliyokopa ukiwa umelala kitandani inakwenda kukaa kwenye ukurasa mmoja na mkopo wa trekta.

Tazama sasa mlango uko wapi. Kampuni ya taarifa haiandiki deni lako kutoka kichwani mwake. Inaandika alichopeleka aliyekukopesha. Akipeleka "amelipa", inasomeka amelipa. Akipeleka "hajalipa", hata ungekuwa na shangazi Benki Kuu inasomeka hajalipa. Anayeweza kubadilisha mstari ni aliyeuandika, na anaubadilisha kwa sababu mbili tu: ama umelipa, ama alikosea. Mtu wa WhatsApp anaingilia wapi? Kama deni ni la kweli na hujalipa, anachoweza kukuambia ni ulipe, na hilo hata mama yangu asiyeunga bando analijua. Kama deni ni la uongo, una haki ya kupinga na kutaka lirekebishwe, na haki hiyo haiuzwi dukani. Na kama ulilipa kwa kuchelewa, historia ya kuchelewa inabaki kama historia, ila inasomeka kwamba ulimaliza. Afisa mikopo ataisoma hivyo, na wengi wao si watu wabaya.

Kuna kundi jingine ambalo halina hata cha kusafishwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na tovuti 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Wengi wetu tunazijua kwa kelele zake: unakopa elfu thelathini, siku ya saba wanampigia mjomba wako, mchungaji wako na mpenzi wako wa zamani kuwaambia wewe ni mwizi. Hao nao hutishia "tutakuchafua jina benki". Asiye na leseni anakuchafua benki gani? Hana njia halali ya kupeleka taarifa yako huko. Alichonacho ni orodha ya namba za simu yako, na kuwapigia watu hao ni jambo la kushtakiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Nawajua wasichana wawili hapa kampasi waliolipa msafishaji awasafishe na deni la programu isiyo na leseni. Walinunua sabuni ya kufulia nguo ambayo hawakuwa nayo.

Wenzetu wa Kenya wameliona hili kwa ukubwa kuliko sisi, kwa kuwa mikopo ya simu ilienea kwao mapema. Ilifika mahali watu wamefungiwa kukopa kwa madeni ya shilingi mia tatu, mia tano. Mwaka 2020 Benki Kuu yao ikazuia watu wanaodaiwa chini ya shilingi 1,000 za Kenya kuorodheshwa kama wadaiwa wabaya. Novemba 2022 ikaja na mpango mwingine: mabenki yatoe punguzo la angalau nusu kwa mikopo midogo ya simu iliyokwama, mteja apewe miezi sita ya kulipa kilichobaki, mpaka mwisho wa Mei 2023. Waliotarajiwa kunufaika walikuwa zaidi ya milioni nne. Huo ndio usafi mkubwa wa majina ninaoujua katika eneo letu hili, na haukupitia kwa wakala yeyote. Waliozungumza ni mdai, mdaiwa na msimamizi wao.

Na Marekani, ambako biashara ya kusafisha majina ni kubwa na ina ofisi zenye viyoyozi, Bunge lao liliitungia sheria mwaka 1996. Kampuni hairuhusiwi kuchukua pesa kabla haijamaliza kazi. Tena inalazimika kumpa mteja karatasi inayomwambia kwamba taarifa yenye makosa anaweza kuipinga mwenyewe, na kwamba taarifa iliyo sahihi hakuna mwenye haki ya kuifuta, awe yeye au kampuni. Fikiria fundi wa simu anayelazimishwa kukuambia kwanza kwamba simu yako nzima, chaji tu ndiyo imeisha. Ukikumbuka jamaa yangu na "nusu kwanza", utaelewa kwa nini walianzia hapo.

Sasa turudi benki.

Mwisho wa Novemba mama alikuja mjini, tukaenda wote. Nilitaka niende peke yangu. Haikuwezekana, na nashukuru haikuwezekana: taarifa ni za mwenye jina, na mwenye jina ndiye anayeonyeshwa. Hapa ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekinunua kwa elfu arobaini. Nilinunua kutokuwepo kwa mama kwenye kikao. Nilitaka jina lake lisafishwe bila yeye kujua lilichafuliwa na nani. Waulizeni wale sita wa hosteli, sababu yao ni hiyohiyo: mmoja baba yake, mmoja dada yake aliyemdhamini, mmoja mchumba. Msafishaji anajua. Ndiyo maana anatangaza saa nne usiku.

Afisa mikopo, aliposikia kisa, alishusha miwani. Akatugeuzia karatasi tuione. Mistari iliyoharibu ilikuwa miwili. Nilitegemea mmoja.

Wa kwanza ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa mkopo wa kikundi aliochukua mama miaka ya nyuma kwenye taasisi moja ya mikopo, unasomeka anadaiwa 145,000. Mama aliutazama, akasema huo nilimaliza. Afisa akasema, mama, kwenye mfumo hujamaliza. Mama akasema nilimaliza na risiti ninayo. Mtu mwingine angepandisha sauti. Yeye alirudi kijijini, na kesho yake akarejea na kopo la Blue Band. Ndani mna kadi za kliniki zetu wote, stakabadhi za michango ya zahanati, na risiti za marejesho zimefungwa kwa uzi, ya mwisho imegongwa mhuri wa "umemaliza".

Tulikwenda ile taasisi. Tulizungushwa siku moja na nusu, sitaficha. Wa mapokezi alisema aliyehusika amehamishwa. Tukaandika barua, ukurasa mmoja: jina, namba ya NIDA, mkopo upi, risiti zipi, tunaomba mrekebishe taarifa na mtujibu kwa maandishi. Nakala ya barua tukaigonga mhuri wa kupokelewa. Wale waliokaa darasani wakidharau somo la mawasiliano ya ofisini, huo mhuri wa kupokelewa ndio wenye nguvu kuliko Kiingereza chote. Nilikuwa nimejiandaa kwamba wakikaa kimya tunapanda juu: kwa Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, unaanza kwa aliyekukosea, akishindwa unakwenda Benki Kuu, na tawi la karibu lipo Dodoma, kama kilomita 240. Kulalamika ni bure. Haikufika huko. Walikuta kwenye vitabu vyao kwamba rejesho la mwisho liliingizwa kwa mwanakikundi mwingine mwenye jina linalofanana na la mama.

Deni langu nililipa siku hiyohiyo. Elfu sabini na moja na mia nne, nikaomba uthibitisho kwamba limefungwa, nikauhifadhi. Ile elfu arobaini niliyomtumia jamaa ilikuwa zaidi ya nusu ya deni lenyewe. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi usiku.

Jumla ya gharama za kufanya wenyewe, ukiacha deni: nauli za mama, kutoa nakala, na chai. Haikufika elfu ishirini. Ilichukua kama wiki sita mpaka ripoti ikasomeka sawasawa, kwa sababu taarifa zinapelekwa kwa awamu na hakuna wa kuzikimbiza. Mtu akikuahidi siku tatu, hiyo peke yake inatosha kumjua.

Wiki sita ni nyingi kwa mkulima. Singida mvua haimsubiri mtu. Ripoti ilipokaa sawa Januari ilikuwa inaelekea katikati, na mama alishauza mbuzi wawili, akalima ekari mbili kwa ng'ombe wa kukodi na kupanda Record. Tatu zikabaki nyasi. Nilipita pale Februari, nikaziona. Hakunisema, na mimi sikuwa na la kusema.

Kuna mwenzangu tuliyebishana naye sana juu ya hili. Anasema mimi nina bahati, mama yangu ana kopo la risiti na mtoto aliye chuo. Je, mzee wa Mkalama asiyejua kusoma, anayepewa ripoti iliyojaa Kiingereza na vifupisho, aende mwenyewe? Si afadhali amlipe mtu? Hoja yake ina uzito. Nami nakubali kwamba mtu anayekusindikiza ofisini, anakusomea, anakuandikia barua, anapoteza siku yake, anastahili nauli na chakula cha mchana, na akitaka zaidi mpatane. Huyo ni msaidizi. Anakwenda nawe, anakaa pembeni yako, karatasi zinabaki mkononi mwako. Anayetaka ubaki nyumbani na umtumie kitambulisho na namba ya siri ni mtu mwingine kabisa. Tena kwa asiyeweza kulipa hata nauli, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kazi yao ni hiyo, na kwa asiye na uwezo ni bure.

Jambo hili halitaishia kwenye vioo vya simu. Karibu nusu ya darasa letu tunasoma kwa mkopo wa HESLB. Tukiajiriwa tutakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyowanyima usingizi kaka zetu ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni letu linahesabika, halikui gizani kama lilivyokuwa lao. Lakini Bodi nayo imekuwa ikionya kwamba wadaiwa sugu taarifa zao hupelekwa kwenye kampuni hizohizo za taarifa za wakopaji. Kwa maneno mengine, tutatoka hapa na shahada kwenye bahasha na jina kwenye kanzidata. Jamaa wa inboksi anajua hilo pia. Ndiyo maana kwenye tangazo lake aliweka HESLB. Mhitimu mmoja wa miaka ya nyuma aliniambia alikatwa miaka mitatu na bado anasomeka anadaiwa kiasi kilekile. Akaambiwa atoe laki mbili "afutiwe". Alipokwenda mwenyewe kuomba taarifa ya deni lake, ikaonekana mwajiri alikata ila hakuwasilisha. Hilo lilimalizwa na hati za mishahara na barua. Laki mbili ingefuta nini hapo?

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi, na nimeshaliwasilisha kwa waziri wa mikopo kwa mdomo, sasa naliweka kwa maandishi. Tupewe chumba kimoja, Jumamosi mbili kwa mwezi. Tunaosomea uhasibu mwaka wa pili na wa tatu tukae pale tusaidiane kusoma ripoti, kuandika barua na kujua aende ofisi gani. Hakuna pesa ya kupokea, hakuna namba ya siri ya mtu kuulizwa, hakuna picha ya kitambulisho kubaki kwenye simu ya mwingine. Hilo la mwisho nalisemea kwa uchungu, kwa sababu cha mama bado kipo kwa jamaa. Nilimwandikia akifute. Alisoma ujumbe, tiki mbili za bluu, hakujibu. Sasa mama anaomba kuonyeshwa taarifa zake kila anapopita mjini, kuhakikisha hakuna mkopo mpya usio wake, na nimeripoti polisi ili ikitokea tuwe na karatasi.

Na wenye laini za majina ya wazazi, msisubiri chumba. Nendeni mkabadilishe usajili wiki hii, maana kila mnachokopa humo kinaandikwa kwao. Mimi yangu niliibadilisha Machi. Ilichukua dakika kumi na tano, na mama ilibidi awepo kuweka dole. Alikuja na kopo lake.

Chumba kikipatikana, Jumamosi ya kwanza nitakuwepo kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na risiti zako. Kama jina lililochafuka si lako, njoo na mwenye jina.